Kabla Hujatoa Hela ya Kitabu, Kagua Mgongo

Malalamiko yamerundikana hadi nimeona niyajibu kwa mkupuo mmoja. Msomaji wa Tanga alinunua riwaya ya upelelezi, mpya kabisa, bado inanukia wino. Akasoma mpaka ukurasa wa 48, akafunua, akakutana na ukurasa wa 33. Kurasa zile zile kumi na sita zikajirudia, kisha hadithi ikarukia ukurasa wa 65. Muuaji alitajwa katikati hapo, na mpaka leo dada wa watu hamjui. Wa pili yuko Mwanza. Kwake kurasa zilitimia, ila alipofika katikati akasikia "kra!", mgongo ukapasuka na karatasi zikamwagika mapajani kama karata. Wa tatu yuko Maskati. Kaka yake alimbebea diwani ya mashairi kutoka Dar es Salaam, na kwenye kila ukurasa wa kushoto vina vya mwisho vimezama ndani ya mkunjo. Anasoma kwa kubahatisha: hapa lazima iwe "-ra", pale huenda "-ka".

Wote watatu waliuliza swali moja kabla ya kulipa: kitabu ni kizuri? Wakajibiwa ni kizuri, na kweli vitabu vyenyewe ni vizuri. Hakuna aliyeuliza kimefungwaje.

Wanaoniandikia huwa wanataka orodha: nianze na riwaya ipi, diwani ipi, mtunzi gani. Orodha ipo hapa chini na nimeipanga kwa upendeleo wangu bila kuona haya. Ila kilichonisaidia kupanga si umaarufu wa mtunzi. Nimejiuliza tu: kitabu hiki kitafunguliwa mara ngapi? Riwaya ya kumaliza ndani ya treni ya Dar hadi Dodoma inaweza kushikwa hata kwa mate. Kitabu ambacho wanao watakikuta rafuni kinahitaji mgongo wa maana.

Uzuri wa jalada, ukubwa wa herufi, dhamira na maudhui sitavigusa. Dhamira mlishachoka nazo kidato cha nne.

Mgongo unakaguliwa hivi

Chukua kitabu, kisimamishe, kitazame kwa juu pale karatasi zinapokutana na mgongo. Ukiona vifungu vifungu, kila kimoja kimejikunja kwa duara dogo, una bahati. Maana yake karatasi kubwa zilikunjwa zikawa mafungu ya kurasa 16 au 32, na mara nyingi uzi umepita katikati ya kila fungu. Fungua katikati ya fungu uutafute huo uzi. Kitabu kilichoshonwa, hata gundi ikifa, uzi unaendelea kushika.

Ukiona karatasi zimenyooka tu zilivyokatwa na mashine, hapo mikunjo ilishaondolewa. Kila karatasi iko peke yake, na kinachoizuia isiondoke ni ukanda mwembamba wa gundi iliyopakwa ikiwa ya moto. Gundi hiyo ina maadui wawili na huku kwetu tunao wote, joto na miaka. Ikiachwa kwenye dashibodi ya gari saa saba mchana inalainika. Ikikaa rafuni miaka mingi inakauka, inakakamaa, na siku ukifungua kitabu inakatika. Ile "kra!" ya Mwanza ndiyo hiyo.

Sisemi gundi ni haramu. Vitabu vingi vya jalada jepesi, huku na hata Ulaya, ni vya gundi tupu. Ila kuna gundi na gundi, na dukani utaitambua kwa kufungua kitabu katikati, taratibu, kwa viganja viwili, bila kukikomoa. Kikikubali na kurudi kimya, chukua. Kikilia, rudisha. Muuzaji akikutazama vibaya, mtazame na wewe.

Kisha kuna nafasi nyeupe ya upande wa ndani, na hapa ndipo ninapogombana na wapangaji wa vitabu. Kitabu cha gundi hakilali wazi chenyewe. Maandishi yakisogezwa mpaka kwenye mkunjo ili kuokoa kurasa kumi, msomaji analazimika kukikandamiza ndipo asome mwisho wa mstari, na huko kukandamiza ndiko kunakoua mgongo. Basi mtu anaambiwa hajui kutunza vitabu, kumbe kitabu kilipangwa kife. Weka kidole gumba kwenye mkunjo. Kikifunika maneno, hicho kitabu kimepangwa na mtu asiyesoma.

Kuhusu kurasa zilizoruka au kujirudia, huna haja ya kuhesabu kitabu kizima. Kosa hilo hutokea pale fungu zima linapowekwa mara mbili au kusahauliwa. Tazama 16 na 17, 32 na 33, 48 na 49, uendelee hivyo hadi mwisho. Kama kurasa za dibaji zina namba za Kirumi hesabu itasogea kidogo, lakini ukishaona fungu la kwanza linaishia wapi, mengine yanafuata mwendo huo huo. Ni kazi ya dakika moja.

Wenye wazimu kunizidi wana jaribio jingine. Karatasi ina mkondo wa nyuzi. Jaribu kukipinda kidogo kitabu, mkunjo ukiwa sambamba na mgongo, kisha kipinde kwa upande mwingine. Sambamba na mgongo ndiko kunakotakiwa kuwa kulaini zaidi. Ikiwa kinyume, karatasi zilikatwa kwa kubana matumizi, na kitabu hicho kitajifunga chenyewe kila ukikiweka mezani unywe chai.

Upendeleo wangu

Naipenda kampuni ya uchapishaji ya Mkuki na Nyota na sioni sababu ya kujifanya hakimu asiye na timu. Walter Bgoya aliianzisha mwaka 1991, baada ya kuiongoza Tanzania Publishing House, ile TPH ya Mtaa wa Samora, na duka la TPH lipo palepale Samora hadi leo. Hakuna anayenilipa kusema haya. Nasema kwa sababu nakala zangu za kwao zimetoka kwa shangazi zikaenda kwa majirani, zikaenda Morogoro, zikarudi na madoa ya chai na kurasa zote. Vilevile nafasi ya ndani wanaiacha. Dole gumba langu si dogo na linaingia.

Wapo wachapishaji wengine ninaowaheshimu, E&D Vision hapa Dar na Longhorn kule Nairobi wakiwemo. Lakini nikikuta kitabu kilekile kwa matoleo mawili, mkono unaenda kwa Mkuki wenyewe kabla sijafikiri.

Nafasi ya kwanza: Adam Shafi

Vuta n'kuvute ilitoka 1999 na ndicho kitabu ninachomwambia anunue kila anayeniambia Kiswahili hakina riwaya. Ni Unguja ya miaka ya hamsini. Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa akiwa mbichi kwa Bwana Raza mzee, anatoroka na kuangukia upande wa mji uitwao Ng'ambo, kwa shoga yake Mwajuma, kisha anakutana na Denge anayesakwa na Waingereza kwa ajili ya siasa. Walioona filamu ya Amil Shivji ya 2021 wanadhani wameshamaliza kazi. Filamu ni nzuri sana, lakini kitabu kina muda. Kinakaa mtaani, kinakula, kinasikiliza watu wakigombana dirishani, na ukija kushtuka umeshapendezwa na mtu ambaye kurasa hamsini nyuma ulikuwa unamlaumu.

Nimekipa nafasi ya kwanza kwa sababu hakikai nyumbani. Kila mgeni anakiazima. Kitabu cha kuazimwa ndicho kinachofunguliwa na watu wasiokihurumia, wanaokunja jalada nyuma wakakishika kwa mkono mmoja kwenye daladala. Usinunue nakala iliyolia dukani. Subiri nyingine.

Ukimaliza, fuata Kuli, iliyotoka TPH mwaka 1979, kuhusu makuli wa bandari ya Zanzibar na mgomo wao wa 1948. Ni nyepesi kwa kurasa na kali kwa hasira. Haini ya 2003, kutoka Longhorn, usianze nayo. Inahusu walioswekwa ndani baada ya kuuawa kwa Karume mwaka 1972, na inahitaji msomaji ambaye ameshamwamini mwandishi.

Nafasi ya pili: ushairi, na hapa sitanii

Najua mtashangaa mashairi kuwa juu ya Shaaban Robert wa nathari. Hesabu yangu ni ile ile. Riwaya unaisoma mara moja, mbili ukiipenda. Diwani unaifungua kila ukikosa usingizi, kila kukiwa na harusi, kila mtu akifa. Kitabu kilichoteseka zaidi rafuni kwangu ni diwani.

Tena shairi la Kiswahili lina shida ambayo riwaya haina. Mshororo wa mizani kumi na sita ni mrefu: nane, kituo, nane. Ukiupanga kwenye kitabu kidogo cha mfukoni, unagusa kingo zote mbili. Ukurasa wa kulia mwanzo wa mshororo ndio unaingia kwenye mkunjo, utaokoka. Ukurasa wa kushoto kinachoingia ni kina cha mwisho, na shairi la arudhi, lile linalofuata vina na mizani, bila vina vya mwisho ni mazungumzo ya kawaida. Kwa hiyo ukinunua diwani, fungua ukurasa wa kushoto, katikati kabisa ya kitabu ambako mkunjo ni mzito, usome ubeti mmoja kwa sauti bila kukandamiza. Ukikwama, weka chini. Msomaji wangu wa Maskati angefanya hivyo kaka yake asingebeba mzigo bure.

Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla ndiyo ya kwanza kununua. Aliyatunga gerezani kati ya 1969 na 1972, akitumikia kifungo kwa sababu ya waraka wa Kenya Twendapi?, na Oxford wakayachapa 1973. Kuna watu wanaisoma kama historia ya siasa ya Kenya. Mimi naisoma kwa sababu ya ule ukaidi wa mtu aliyefungiwa peke yake na bado anahesabu mizani. Malenga wa Mvita ya Ahmad Nassir, ya 1971, inafuata, kwa anayetaka Kimvita, Kiswahili cha Mombasa, kilichonyooka. Kwa asiyependa vina, achukue Kichomi ya Kezilahabi, 1974, kitabu kilichowatoa watu povu wakati ule. Faida yake ya ziada ni kwamba mishororo ni mifupi, mkunjo haula kitu.

Nafasi ya tatu: Shaaban Robert

Hapa nitawaudhi walimu. Msianze na Kusadikika. Mnawapa vijana wa miaka kumi na sita kesi ya Karama mbele ya mfalme, wajumbe sita wanakwenda na kurudi na kufungwa, mmoja baada ya mwingine, halafu mnashangaa wanamchukia mzee. Kusadikika, iliyotoka 1951, ni kitabu cha mtu mzima aliyewahi kuomba kitu ofisini. Kijana mpe Adili na Nduguze: kuna manyani wawili wanaochapwa kila usiku na mtu mwema, na sababu yake inafichwa hadi uipate mwenyewe. Hakuna mtoto aliyewahi kukiweka chini mikononi mwangu.

Na kitabu chake ninachokipenda kuliko vyote hakitajwi sana. Ni Wasifu wa Siti Binti Saad. Mwanamke wa Fumba, fundi wa vyungu, aliyefika Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo za Kiswahili kwenye santuri, akaandikwa na mtunzi mkubwa wa zama zake. Ni kijitabu. Wengi wanakipita kwa sababu ni chembamba.

Chembamba ndiyo tabu yake. Vitabu vya kurasa chache mara nyingi havishonwi wala kupakwa gundi, vinapigwa pini mbili katikati. Kule bara, hilo si tatizo. Pwani, pini inashika kutu ndani ya misimu michache, kutu inahamia kwenye karatasi, na karatasi inakatika pale pale penye pini. Mkazi wa Tanga, Unguja, Mombasa, Lamu: tazama pini kabla ya kulipa. Kama zimeshaanza kuwa na rangi ya chai kitabu kikiwa bado dukani, zitang'oe kwa ncha ya kisu ukifika nyumbani na ushone mwenyewe kwa sindano na uzi wa pamba, tundu tatu zinatosha. Mama yeyote aliyewahi kushona kifungo anaweza.

Nafasi ya nne: Kezilahabi

Rosa Mistika, iliyotoka 1971 ikapigwa marufuku shuleni, nunua ili uazimishe. Inasomwa kwa maumivu, wengi hawairudii, lakini kila mzazi mkali mwenye binti anapaswa kukutana na Zakaria wa Ukerewe, baba yake Rosa, angalau mara moja. Dunia Uwanja wa Fujo ni nono zaidi na naiona bora kuliko Kichwamaji. Mtanipinga, sawa.

Halafu kuna Nagona na Mzingile. Vijitabu viwili, unaweza kuvimaliza jioni moja, na utavifungua maisha yako yote kwa sababu ukimaliza hujui umesoma nini. Ndiyo sababu havifai kununuliwa kwa kuangalia unene. Watu wanalalamika bei: "mbona kurasa chache hivi?" Wanapima kitabu kwa kilo. Nagona iliyofungwa vizuri ningeilipia kuliko riwaya tatu nene za kupitisha muda.

Nafasi ya tano: tafsiri na kumbukumbu za maisha

Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah ya 1994, Mkuki na Nyota waliitoa 2022, mwaka mmoja baada ya mwandishi kupata Nobel. Kama uliisoma kwa Kiingereza, soma tena. Yusuf aliyewekwa rehani kwa deni la babake, na Khalil anayemtania dukani, wanasikika tofauti wakisema lugha waliyokuwa wakiisema tangu mwanzo. Kuna kurasa ambazo tafsiri imekuwa na adabu kuliko ilivyohitajika, lakini ni chache.

Mzee Rukhsa, kumbukumbu za Rais Ali Hassan Mwinyi za 2021, ni nzuri kwa kumpa baba zawadi. Ni kubwa, ni nzito, na kitabu kizito cha jalada jepesi kinajivunja kwa uzito wake kikisimamishwa rafuni kimeegama. Kilaze.

Nafasi ya sita: upelelezi

Mimi ni mlevi wa hadithi za upelelezi, kwa hiyo msidhani nazidharau kuziweka chini. Naziweka chini kwa sababu ukishamjua muuaji kitabu kimekwisha. Willy Gamba wa Elvis Musiba, tangu Kufa na Kupona ya 1974, na Joram Kiango wa Ben Mtobwa, ni watu wa kuazimana. Nunueni kwa mchango, watu wanne kitabu kimoja, kizunguke hadi kife. Gundi yoyote inafaa. Kagua tu kurasa zilizoruka, maana kwenye upelelezi fungu moja likikosekana umeibiwa kitabu kizima.

Ninayemtoa kwenye kanuni hii ni Mohamed Said Abdulla. Bwana Msa na kiko chake, pamoja na Najum asiyeelewa kitu kwa wakati, wanarudiwa hata kama unajua mwisho, kwa sababu raha iko kwenye maneno. Mzimu wa Watu wa Kale ya 1960 nimewahi kumsomea bibi mmoja wa Pemba aliyekuwa akinisahihisha matamshi kila aya. Kitabu hicho kiwe na uzi.

Nafasi ya saba: tamthilia

Kama hamuigizi, azimeni maktaba. Kama mnaigiza, kila mhusika awe na nakala yake ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, na msiwe watu sita mnavuta kimoja. Mabepari wa Venisi ya Mwalimu Nyerere, ya 1969, ichukueni kwa ajili ya kusoma kwa sauti tu, nyumbani, umeme ukikatika.

Wauzaji, sasa tuzungumze

Nimejizuia hadi hapa. Mtu anaweka picha ya kitabu mtandaoni, anaandika "IPO", na bei haipo. Ukiuliza unaambiwa "njoo inbox dear". Unaenda inbox. Huko hujibiwi bei, unaulizwa: "uko wapi dada?" Ukisema Mbagala kuna bei, ukisema Mikocheni kuna bei nyingine, kitabu kile kile, rafu ile ile. Nimeshamwomba mpwa wangu aulize baada yangu akajitaja ni wa Gongo la Mboto, tukalinganisha. Sitasema duka gani. Wanajijua, na hawako peke yao.

Picha yenyewe si ya kitabu walichonacho. Wameichukua mahali. Ukiomba "nipigie picha mgongo, na ufungue katikati", kimya kinatanda, au unaambiwa "dada wewe unanunua kitabu au gari?" Basi mtu anatoa wekundu wawili wa Msimbazi, yaani noti mbili za elfu kumi, anatoa na nauli ya bodaboda, kinachomfikia ni fotokopi iliyovalishwa jalada la rangi. Dalili zake ni herufi zenye vivuli pembeni, picha ya jalada iliyofifia kama imechomwa jua, na mistari inayopanda upande mmoja kwa sababu kitabu cha asili hakikulala vizuri kwenye mashine. Ukiziona, usilipe.

Kenya wana balaa lao. Riwaya ikiteuliwa kuwa kitabu cha lazima cha mtihani, inajaa kila kibanda. Zamu yake ikipita, inayeyuka. Nenda leo ukaulize Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora, uone utaletewa nini. Utaletewa mwongozo wa kujibu maswali ya Kidagaa. Wahusika na sifa zao, dhamira, mbinu za lugha, kila kitu isipokuwa hadithi. Ukisema unataka riwaya yenyewe unaulizwa uko kidato gani. Juu ya hayo, tangu sheria ya VAT ya 2013 kitabu Kenya kinatozwa kodi kama bidhaa nyingine, na anayeibeba kodi hiyo si serikali wala muuzaji. Ila nakala ya Siku Njema, ya Walibora huyo huyo, iliyotoka Longhorn 1996, inafaa kusakwa popote. Safari ya Kongowea Mswahili kutoka Tanga hadi Kitale kumtafuta babake ndiyo riwaya ya Kenya ninayoipenda kuliko zote, na Mtanga hapaswi kufa bila kuisoma.

Vya bei rahisi

Sina mengi. Vitabu vya kando ya barabara, pale Posta kwa mfano, vinafaa kama una subira na umekagua. Ukikuta toleo la zamani lililoshonwa usibishane sana kwa ajili ya elfu mbili. PDF za kurushiana WhatsApp mtunzi hapati hata senti, na macho yako yatakudai. Fotokopi ya spairo inalala wazi vizuri mezani, hilo naikubalia, na hakuna jingine.

Kwa ambao mgongo umeshapasuka

Wa Mwanza na wenzake, msiende na selotepu. Inageuka njano, inanata vumbi, na ikibanduka inaondoka na maandishi. Supagluu pia acheni, ikikauka inakuwa ngumu na itakatika tena siku ya kwanza. Nunueni gundi nyeupe ya mafundi seremala, ile inayokauka ikabaki laini. Panga kurasa zote kwa namba, zigonge mezani hadi upande wa mgongo unyooke, zibane kati ya vipande viwili vya mbao, kwangua gundi ya zamani, paka mpya kwa brashi nyembamba mara mbili, ya pili baada ya ya kwanza kukauka. Rudishia jalada gundi ikiwa bado mbichi, weka karatasi ya nailoni juu na chini isije ikanata kwenye mbao, kisha kandamiza kwa tofali usiku kucha. Asubuhi usikifungue katikati moja kwa moja. Anza na kurasa chache za mwanzo, halafu chache za mwisho, ukisogea kidogo kidogo kutoka pande zote mbili mpaka zikutane.